Ukucha wa Kuyate

Ukitaka kumjua Kuyate, usimtazame usoni. Uso wake haujawahi kumwambia mtu kitu. Mtazame ukucha wa dole gumba la kushoto: umechorwachorwa mistari myeupe, mingine imeingia ndani hasa, wala haipati nafasi ya kupona maana kila siku anaichora upya. Hakuna jiwe linalogusa ngozi nyumbani kwake kabla halijapita juu ya ukucha huo. Liwe amelichonga yeye, liwe amelichonga mke wa mwanawe, hata lile alilolitumia jana jioni likalala kwenye mpini, atalipitisha ukuchani kwanza, polepole, kafumba macho. Nilimwuliza siku moja kama anadhani mawe hubadilika yakilala.

"Watu hubadilika wakilala," akasema, "sembuse mawe."

Nimeishi naye ukuta kwa ukuta tangu alipoletwa hapa bi harusi, mimi nikiwa na watoto wawili tayari. Ukuta wenyewe ni wa mawe na unanifikia kifuani. Mume wangu alikuwa mfumaji, na mimi nilimsokotea pamba. Mtu anayesokota pamba mikono yake ina kazi, macho hayana, basi macho yangu yalikwenda yalikotaka. Wako wanaoniita mpekuzi. Mimi nasema nimefuga kuku maisha yangu yote na hajaibiwa hata mmoja.

Kuyate aliolewa na Killano, mwana wa Urmale. Urmale ndiye aliyekuwa fundi wa ngozi wa upande wetu wa mji. Kwetu ngozi ni kazi ya wanawake, na chombo chake ni jiwe. Unachukua bonge la jiwe gumu la gumegume, unalipasua kwa kipande cha chuma, unapata kipande kipana kama dole gumba la mwanamume, unakichonga ukingo uwe mviringo, unakitia kwenye mpini wa mti na kukishika kwa utomvu wa moto, kisha unakwangua. Mhunzi anaweza kukutengenezea kisu cha chuma kwa kazi hiyohiyo, na wapo waliojaribu, lakini chuma huikata ngozi. Jiwe ndilo linaloikwangua ikalainika. Enzi hizo wake za wakulima walikuwa bado wanavaa sketi za ngozi, na mkulima asiyetaka hata kunywa maji katika kibuyu chetu sisi watu wa ufundi alikuja mwenyewe hadi mlangoni kwa Urmale na mbuzi wake begani.

Sasa, shida ya Kuyate ilianza kabla hajafika. Mama yake alikufa akiwa mdogo, akalelewa na mama yake mdogo, Alkite, na Alkite alikuwa fundi wa ngozi wa mji wa ng'ambo ya bonde. Yeye na Urmale waligombania wateja tangu wote wawili wakiwa na meno kamili. Halafu msichana anakuja, ametoka nyumba ya ngozi, na anasema hajui kuchonga jiwe. Alkite alikuwa na mabinti zake, anasema, akawafundisha wao tu.

"Wewe umeliamini hilo?" Urmale aliniuliza juu ya ukuta.

"Si hilo tu," nikasema, "hata jina lake sijaliamini."

"Ametumwa. Amekuja kuchukua mkono wangu aupeleke kwao."

Hili la mkono si maneno tu. Kwetu mpini wa mwanamke haushikwi na mwingine. Ukiushika umechukua mkono wake, na mkono ukishachukuliwa haurudi. Hata mume akifagia nyumba, kama yupo mume wa namna hiyo, anauzunguka mpini wa mkewe. Urmale aliuchomeka wake juu kabisa kwenye nyasi za paa, mahali alipofika kwa kusimama juu ya kinu.

Lakini mke wa mwana lazima afundishwe, la sivyo watu watasema. Basi Urmale akamfundisha Kuyate kwa namna ambayo sijaiona kabla wala baada. Alikaa chini akaelekea ukutani, akampa msichana mgongo.

"Kaa hapo nyuma yangu," akamwambia. "Sikiliza."

"Nitazame wapi, Mama?"

"Nimesema sikiliza. Macho yako yana kwao."

Na Kuyate akasikiliza. Msimu mzima wa kiangazi nilimwona amekaa nyuma ya mgongo ule mpana, mikono mapajani, shingo imeinama upande, huku jiwe likipasuka asikokuona. Baadaye alipewa bonge lake ajaribu. Lilikuwa bonge bovu, lina nyufa ndani. Mimi si fundi lakini hata mimi niliona. Alipiga, likasagika. Alipiga lingine, likamkata kiganja. Urmale alikuwa akipita na kusema, "Loo, kumbe kweli hujui," kwa sauti ya mtu ambaye haamini hata kidogo.

Nilimwonea huruma? Kidogo. Ila nilijiambia, mtu anayepewa jiwe bovu kila siku bila kulalamika ana lake jambo.

Na kweli haukupita muda nikamwona shimoni. Vibanzi vya mawe havitupwi ovyo, watoto hutembea peku, kwa hiyo kila fundi ana shimo lake nyuma ya boma na vibanzi vyake havichanganywi na vya mwingine. Fundi mwenzako akiingia katika shimo lako anaweza kukusoma: unatumia jiwe gani, unapiga kutoka upande upi, mkono wako unatetemeka au hautetemeki. Kuyate alikuwa amechutama pale, anaokota vibanzi vya mama mkwe wake kimoja kimoja, anavitia katika kipande cha ngozi. Alirudi kesho yake, na kesho yake tena.

Nikamwambia Urmale. Nani aibe takataka?

"Mchawi," akasema Urmale. Akafikiri. "Au Alkite. Alkite akiviona vibanzi vyangu hana haja ya kitu kingine."

Alimngoja msichana nyuma ya ghala, akamshika mkono. "Fungua."

Kuyate akafungua kile kipande cha ngozi. Hakikuwa na hirizi wala nywele za mtu. Kulikuwa na bonge la gumegume, zima, ila lina mistari kila mahali kama chungu kilichovunjika kikaunganishwa. Alikuwa amevipanga vibanzi vyote vikarudi mahali pake, kila kimoja ubavuni mwa ndugu yake. Katikati palikuwa na tundu.

"Hapa ndipo lilipokuwa jiwe lako, Mama," akasema. "Nilitaka kuona limetokea wapi."

Urmale akalichukua lile bonge, likamsambaratikia mikononi.

"Nani amekufundisha hivi?"

"Wewe."

"Mimi sijakufundisha kitu."

"Ndiyo maana nikapanga."

Mimi nilikuwa ukutani na kijiti changu cha kusokotea pamba, nikaacha kusokota. Jioni Urmale akaja kuniambia kwa sauti ya chini, "Yule si mjinga. Angekuwa mjinga ningemlea. Mwenye akili namwogopa." Lakini tangu siku ile alimruhusu achonge mawe mazuri na achonge mpini wake mwenyewe. Alisema ni afadhali mwizi aibe mbele ya macho yako. Mwaka ulipozunguka, Kuyate alikuwa anachonga jiwe ambalo ukilitazama haraka usingelitofautisha na la Urmale.

Hapo ndipo ngozi zilipoanza kuharibika.

Jiwe la kukwangulia lina pembe mbili, na pembe hizo lazima zizungushwe. Mchongaji akiacha pembe moja imetokeza kidogo tu, ukubwa wa punje ya mtama iliyokatwa nusu, tunaita mwiba. Mwiba hauonekani kwa haraka. Utauona kwenye ngozi, mstari mrefu unaotokea ghafla nyuma ya mkono wako, na ngozi iliyopata mstari huo itararuka hapohapo siku mwenye nayo atakapoinama. Wanaoacha mwiba ni wanafunzi. Kila mtu anajua hilo. Kwa hiyo ngozi ya kwanza ilipotoka na mstari, ikiwa imekwanguliwa na wote wawili kwa zamu, hakuna aliyeuliza ni ya nani.

"Jiwe lako," Urmale akasema.

Kuyate akatoa jiwe lake, akalipitisha ukuchani. Huo ndio mstari wa kwanza niliouona kwenye ukucha ule, na ulikuwa mwembamba, haukuchimba mahali. Akalirudisha mahali pake. Na mtu asiyejitetea mimi namhesabu ana hatia au ana mpango.

Ngozi ya pili ikapata mstari mbaya zaidi. Kisimani wanawake wakaanza: mnaona, kila ngozi ikiharibika kwa Urmale mteja anavuka bonde kwenda kwa Alkite, na aliyeiharibu ni mtoto aliyelelewa na Alkite. Ilipangika vizuri kiasi kwamba hapakuwa na la kuongeza. Urmale mwenyewe alikuwa amenyong'onyea. Alilaumu msichana, alilaumu mawe ya siku hizi, alilaumu moshi uliomwingia machoni hata siku ambazo jiko halijawashwa. Killano, mwanawe, aliulizwa anasemaje juu ya mkewe, akasema nyumba ni ya mama. Ndivyo Killano alivyokuwa.

Ndipo akaja Orkayto. Mkulima mkubwa, mwenye matuta ya mtama kuanzia mlimani hadi chini kijitoni, na wakulima wenzake walifuata alikokwenda yeye. Alikuwa anamwoza binti yake. Hakuingia ndani, aliweka ngozi mbili za mbuzi juu ya ukuta wa mlango.

"Nasikia nyumba hii siku hizi mnakwangua kwa meno," akasema.

"Umesikia uongo, baba," akajibu Urmale.

"Mbuzi hawa niliwachagua mwenyewe, hawana hata alama ya kupe. Sketi ya binti yangu ikipata mstari, navuka bonde. Na sitavuka peke yangu."

"Ikipata mstari," Urmale akasema, akanyoosha kidole bila kugeuka, "huyu atavuka kabla yako. Atarudi kwao na kibuyu chake, na jiwe hatashika tena katika ukoo wetu."

Kuyate alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la matonge ya mtama na majani ya mlonge. Hakulidondosha. Aliingia ndani akayapakua kama kawaida.

Jioni hiyo Urmale akaja ukutani. "Mama Lemita," akaniita, ndivyo ninavyoitwa kwa mtoto wangu wa kwanza, "wewe macho yako hayalali. Nitazamie huyu mtu."

Hakuwa na haja ya kuniomba. Kesho yake, kabla jogoo hajamaliza kuwika, nikasikia mlango wa jirani. Kuyate akatoka. Akatazama huku, akatazama kule. Akapanda juu ya kinu, akanyoosha mkono kwenye nyasi za paa, akauchomoa mpini wa Urmale.

Mpini wa mama mkwe wake, mkononi mwake, na kunakaribia kupambazuka. Akachutama. Akaleta jiwe karibu na sikio lake, akalipitisha ukuchani, akatikisa kichwa. Akachukua kile kipande cha chuma, akaligonga pembeni, taratibu sana, tk, tk. Akafuta vumbi kwa nguo. Akaurudisha mpini, ncha ikitazama vilevile ilivyotazama. Akaingia ndani.

Nilimwambia Urmale. Naam, nilimwambia, na leo ningemwambia tena, maana nilisema nilichokiona na sikuongeza chumvi.

Urmale hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. Akasema, "Anatia miba katika jiwe langu, nikikwangua ngozi niiharibu mimi." "Wacha mkulima aone kwa macho yake." Akamtumia Orkayto habari kwamba apite asubuhi inayofuata, aje kumwona anayeharibu ngozi za watu.

Basi asubuhi hiyo Kuyate aliposhuka kutoka kwenye kinu na ule mpini mkononi, Urmale alikuwa amesimama mlangoni, Killano nyuma yake, mimi ukutani kwangu, na Orkayto anainama kwenye lango la boma, kichwa ndani, miguu nje.

"Umeshika nini?" Urmale akauliza.

"Mpini wako, Mama."

"Ulikuwa unaufanya nini?"

Kuyate akamtazama Orkayto. Akanitazama mimi. Sijui kwa nini alinitazama vile, kana kwamba mimi ndiye mwizi.

"Nilikuwa nanoa," akasema.

"Nani alikutuma unoe jiwe langu?"

Kuyate akamnyooshea ule mpini.

"Mke wangu, sema," akasema Killano, na hayo ndiyo maneno yote aliyochangia.

"Amekwisha kusema," Orkayto akasema langoni. "Nipeni ngozi zangu."

"Ngoja, baba." Urmale akauchukua ule mpini kwa ncha za vidole, akaling'oa lile jiwe lililoguswa, akalitupa shimoni. Akakaa chini. Na kwa mara ya kwanza tangu msichana yule aletwe, hakuelekea ukutani. Alikaa akatuelekea sote. "Kaa hapo mbele, binti wa Alkite. Si ulitaka kuona? Ona. Baba, nawe ona jiwe la Urmale linavyochongwa na Urmale, na ngozi yako itakavyotoka. Halafu huyu ataondoka."

Akachukua bonge. Akapiga, likalia vizuri, kipande kikatoka kizima. Mikono yake ilikuwa mizuri kutazama, sitasema uongo. Akakigeuza kifudifudi juu ya paja, akaanza kuchonga ukingo, vibanzi vidogo vikirukaruka. Sisi sote tulikuwa tunatazama mikono. Kuyate peke yake alikuwa ameinamisha shingo upande, kama alivyozoea nyuma ya ule mgongo, na macho ameyafumba. Nikasema moyoni, hata sasa anajifanya.

Utomvu ukapashwa moto, jiwe likaingia kwenye mpini, likapoa. Ngozi ya mbuzi ilikuwa imetandazwa na kubanwa kwa mawe kingoni. Urmale akapiga magoti, akashika mpini kwa mikono miwili, akalala juu yake kwa uzito wake wote, akavuta.

Kuyate akaweka mkono wake juu ya ngozi.

Sikuona alivyosogea. Niliona tu mkono wake uko pale ambapo ngozi ilitakiwa kuwa, kiganja chini, na jiwe likapita juu yake kutoka kifundo hadi kidoleni. Mstari mwekundu ukajichora, mwembamba, umenyooka, upande wa kushoto. Aliuondoa mkono haraka, akauficha ndani ya nguo kabla damu haijadondoka.

"Nini tena?" Orkayto akauliza.

"Nimeteleza," akasema Kuyate. "Nilikuwa nainyoosha ngozi isikunjamane."

"Mzembe."

Urmale alikuwa bado amepiga magoti. Aliinua mpini, akaweka kidole kwenye jiwe. Kidole hakikutangatanga, kilikwenda moja kwa moja kwenye pembe ya kushoto kikakaa hapo. Nilikuwa namtazama usoni. Watu wengi nimewaona wakifiwa, na uso ule nauweka pamoja na hao.

"Mzembe kweli," akasema baadaye, polepole. "Mkono wake mzito asubuhi. Lakini si mharibifu, baba. Nilimdhania vibaya. Jiwe langu nililiachia mavumbi, naye akataka kunisaidia bila kuomba ruhusa. Atajifunza adabu. Njoo uchukue ngozi zako mambo yakiwa tayari."

"Zikiwa na mstari..."

"Hazitakuwa nao."

Orkayto akaguna, akajitoa langoni, akaenda zake. Killano akamfuata kumsindikiza, kwa furaha ya mtu aliyepata sababu ya kuondoka. Mimi nikainama kama ninaokota kijiti changu. Ukuta ule una matundu.

Mpini ukawekwa chini. Kisha nikamsikia Urmale.

"Umejuaje?"

"Nilisikia."

"Umesikia nini?"

"Ukifika mwisho wa ukingo huwa unagonga mbili ndogo, za kuzungusha pembe. Ndivyo ulivyokuwa unafanya tangu nilipokuja. Leo hazikulia."

"Nilikugeuzia mgongo usione," akasema Urmale.

"Ndiyo, Mama. Kwa hiyo nilisikia."

"Na kila alfajiri?"

"Nilikuwa nauondoa mwiba. Tangu ngozi ya pili. Jioni unachonga, asubuhi mimi naondoa."

"Naona ukingo vizuri tu," Urmale akasema kwa hasira. Kisha hasira ikamwishia hapohapo. "Zile pembe ndizo sizioni. Nadhani ni moshi."

"Ni moshi, Mama."

"Kwa nini hukusema? Ungefukuzwa."

"Ningemwambia nani? Killano? Au yule aliyechutama nyuma ya ukuta?"

Nikasimama, nikajifanya nakohoa, nikaingia ndani. Sikumpenda kwa maneno yale, na mpaka leo nikiyakumbuka simpendi kwa muda mfupi. Ila alikuwa na haki. Ningelijua mimi, kabla ya jioni kisimani kote wangejua kwamba Urmale haoni, na hakuna mkulima ambaye angeweka tena mbuzi juu ya ukuta ule. Sikusema lolote kati ya niliyoyasikia. Watu hawawezi kuamini kwamba niliweza, lakini niliweza, mpaka Urmale alipozikwa.

Binti wa Orkayto aliolewa na sketi laini hata ungedhani ni kitambaa. Na tangu siku ile Urmale hakuelekea ukutani tena. Alichonga akimwelekea mkwe wake, na kila jiwe likikamilika alimtupia na kumfokea kwa sauti ya kutusikilizisha sisi majirani: "Haya, mvivu wee, nionyeshe nimekosea wapi kama unajua." Kuyate alilipitisha ukuchani. Kama lina mwiba aliugonga, tk, tk, akalirudisha, akasema, "Halina kosa, Mama." Kisimani walisema Urmale anamtesa mke wa mwanawe, hata jiwe zuri anamlazimisha atafute kosa. Nilikuwa nachota maji yangu na kunyamaza. Alipokaribia kufa aliagiza mpini wake upewe Kuyate mkononi, mbele ya watu, na kulikuwa na minong'ono, maana jambo hilo kwetu halifanyiki. Baadhi walisema kwamba hatimaye Alkite ameupata mkono aliokuwa akiutafuta.

Sasa sisi ndio wazee. Sketi za ngozi hazivaliwi tena, lakini watu bado wanalalia ngozi, na bado wanamletea Kuyate. Amemwoza mwanawe, na mke wa mwanawe anafundishwa kazi. Msichana mfupi sana, mwenye maneno mengi, nami simwamini bado. Kuyate anamfundisha akimwelekea, mchana, mahali penye mwanga. Ila mara nyingine katikati ya somo humwambia, "Fumba macho. Unasikia nini?"

Juzi nilimsikia Kuyate akilalamika kwamba moshi unamuuma macho. Nikatazama juu ya ukuta. Jiko lilikuwa halina moto.

Nikaanza kuangalia vitu vingine. Mpini wake aliuchomeka maisha yake yote juu kabisa ya paa, pale alipouchomeka Urmale. Siku hizi anauchomeka chini, ukingoni mwa nyasi, mahali ambapo hata mtu mfupi anafika bila kupanda kinu. Nilimwuliza kwa nini.

"Mgongo unaniuma, Mama Lemita. Siwezi tena kunyoosha mikono."

Mgongo wake hauna kitu. Jana yake nilimwona amebeba kuni.

Kwa joto hili yeye hulala nje, chini ya ghala. Leo alfajiri nikasikia mlango wao, nikainuka. Yule msichana mfupi akatoka. Akatazama huku, akatazama kule, akanyoosha mkono, akauchukua mpini. Kuyate alikuwa amelala kwenye ngozi yake hatua chache kutoka pale, amefumba macho, shingo imeinama upande. Jiwe likapita juu ya ukucha. Kisha tk, tk. Na Kuyate, ambaye hakuwa amelala hata kidogo, akajigeuza upande wa pili akapata usingizi.